Mama Kevin, mtawa aliyewafungulia wasichana wa Uganda mlango wa elimu ya juu

Kando ya barabara kuu itokayo Kampala kuelekea Jinja, karibu na mji wa Lugazi, ipo shule ya bweni ya wasichana ambayo jina lake hutajwa kwa heshima kila yanapotangazwa matokeo ya mitihani ya taifa katika nchi jirani ya Uganda. Ni Mount Saint Mary's, Namagunga, shule ya Kanisa Katoliki iliyofunguliwa mwaka 1942. Miongoni mwa waliosoma hapo ni Dkt. Specioza Wandira Kazibwe, makamu wa rais wa Uganda kuanzia mwaka 1994 hadi 2003, na Winnie Byanyima, mhandisi wa ndege aliyeteuliwa mwaka 2019 kuliongoza shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na Ukimwi, UNAIDS.

Mwanzilishi wa shule hiyo alikuwa yatima kutoka kijiji kimoja cha Ireland. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Teresa Kearney. Katika utawa aliitwa Mama Kevin, nao Waganda wakalitamka kwa namna yao: Mama Kevina.

Utoto wa yatima

Teresa alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 huko Knockenrahan, karibu na Arklow, katika kaunti ya Wicklow. Baba yake, aliyekuwa mkulima, alifariki dunia kabla binti huyo hajazaliwa. Alipofikisha umri wa miaka kumi, mama yake naye akafariki, na bibi yake mzaa mama akamchukua na kumlea. Bibi huyo, mwanamke mwenye imani thabiti na upendo kwa maskini, ndiye aliyemwekea msingi wa tabia aliyojulikana nayo maisha yake yote. Alipofikisha miaka kumi na saba, bibi naye akaaga dunia.

Akiwa hana wazazi wala mali, Teresa alishika kazi aliyoweza kuipata msichana wa hali yake: ualimu. Alijifunza kazi hiyo kwa masista wa Rathdrum, kisha akavuka bahari kwenda kufundisha Uingereza. Mwaka 1895 akajiunga na shirika la masista Wafransisko katika monasteri ya Saint Mary's Abbey, Mill Hill, London, na mwaka 1898 akaweka nadhiri zake.

Nia yake ya kwanza haikuwa kuja Afrika. Aliomba kutumwa Marekani kuwahudumia watu weusi wa huko, akangoja kwa miaka kadhaa bila ya wito huo kutimia. Wito uliokuja ulitoka upande mwingine kabisa wa dunia.

Kwa nini Uganda

Mwanzoni mwa karne ya 20, Uganda ilikuwa bado na majeraha ya vita vya kidini. Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana kwa silaha. Kwa kuwa wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki, Mapadre Weupe, walitoka Ufaransa, na wale wa Kianglikana walitoka Uingereza, wananchi wengi waliona kuwa Ukatoliki ni dini ya Wafaransa na Uprotestanti ni dini ya Waingereza. Ili kuivunja dhana hiyo, Roma iliwatuma pia mapadre wa Mill Hill kutoka Uingereza. Hao walifika mwaka 1895 wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon, na wakakaa kwenye kilima cha Nsambya, Kampala.

Mwezi Machi 1902 Askofu Hanlon alifungua chuo cha Namilyango kwa ajili ya wavulana. Upande wa wanawake, hata hivyo, mapadre hawakuwa na la kufanya. Desturi za wakati huo hazikumruhusu padre kuingia katika maisha ya kina mama, kuwauguza, wala kuwafundisha mabinti zao kwa karibu. Walihitajika masista.

Tarehe 3 Desemba 1902 masista sita waliondoka London, na Sista Kevin, wakati huo akiwa na umri wa miaka 27, alikuwa mmoja wao. Walishuka Mombasa, wakapanda treni ya reli mpya hadi ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kisha wakavuka ziwa. Tarehe 15 Januari 1903 walifika Nsambya.

Chini ya mwembe

Zahanati yao ya kwanza haikuwa na paa. Wagonjwa walipokelewa chini ya mti wa mwembe, na dawa zilikuwa chache kuliko maradhi. Ulikuwa wakati wa msiba mkubwa: ugonjwa wa malale uliokuwa umeenea kandokando ya ziwa uliua zaidi ya watu 200,000 katika miaka michache, na ndui nayo haikuwa mbali. Pamoja na uuguzi, masista walianza kuwafundisha wanawake na wasichana kusoma, kuandika, kushona na kutunza usafi wa nyumba. Kutoka Nsambya, kazi ilienea hadi Nagalama, Nkokonjeru na vituo vingine. Mkuu wao wa kwanza, Mama Paul, alipodhoofika kiafya, uongozi ukamwangukia Kevin.

Vita Kuu ya Kwanza vilimfungulia ukurasa wa uchungu. Hospitali ya Nsambya ilipokea wapagazi Waafrika wa jeshi la Waingereza, wale ambao jina la kikosi chao limebaki katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Walikuja wakiwa mifupa mitupu, wakiugua kuhara na homa, kwa sababu waliwabebea wengine risasi na chakula huku wao wenyewe wakikosa lishe na matibabu. Mama Kevin alichukizwa na jinsi Wazungu walivyowatendea watu hao, wala hakuficha hisia zake. Hata hivyo, dola hiyohiyo ilimpa nishani mwaka 1918 kwa kuwauguza.

Marufuku ya Roma

Jambo lililomsumbua zaidi ya yote lilikuwa vifo vya kina mama wakati wa kujifungua pamoja na watoto wao wachanga. Hapo alikutana na kizuizi ambacho hakikutoka serikalini bali ndani ya Kanisa lenyewe. Kwa wakati huo, sheria za Kanisa hazikuwaruhusu watawa kufanya kazi ya ukunga. Sista aliweza kumwombea mama mzazi, lakini hakuruhusiwa kumzalisha.

Mama Kevin hakuasi, ila hakukaa kimya. Baada ya vita alimpata daktari mwanamke mlei, Evelyn Connolly, na kwa pamoja wakaanzisha Nsambya shule ya uuguzi na ukunga kwa wasichana wa Uganda. Kazi ambayo watawa walikatazwa, wanafunzi hao wakaifanya. Wakati huohuo aliendelea kuwaomba wakubwa wa Kanisa waondoe marufuku hiyo. Mnamo Februari 1936 Vatikano ilitoa maelekezo mapya yaliyowaruhusu watawa kusomea na kutoa huduma hizo. Ndani ya miaka hiyo alifungua pia makao ya wagonjwa wa ukoma huko Nyenga na Buluba.

Masista Waafrika

Swali la pili lilihusu nafasi ya mwanamke Mwafrika katika utawa. Wasichana kadhaa waliosoma kwa masista walitaka kuwa kama walimu wao. Walikuwepo waliotilia shaka kama binti wa Kiafrika, anayetarajiwa kuolewa na kuzaa, angeweza kushika nadhiri ya useja. Mwaka 1923 Mama Kevin alianzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, lenye makao Nkokonjeru, akianza na wasichana wanane. Jamaa za baadhi yao waliona kuwa wamepoteza mahari na wajukuu kwa pamoja. Leo masista wa shirika hilo, Waafrika kwa Waafrika, wanaendesha shule na hospitali katika Uganda, Kenya na Tanzania.

Miaka arobaini ya kungoja

Tukirudi kwenye elimu, tarehe zenyewe zinaeleza mengi. Wavulana wa Kikatoliki walipata Namilyango mwaka 1902. Wasichana wa Kianglikana walipata shule ya Gayaza mwaka 1905. Shule ya Namagunga ilifunguliwa mwaka 1942, miaka arobaini baada ya ile ya wavulana.

Katika miaka hiyo yote wasichana Wakatoliki walisoma, lakini masomo yao mengi yalilenga kuwafanya wake wema, walimu wa shule za msingi, wauguzi au masista. Wazazi walio wengi waliona kumsomesha binti zaidi ya hapo ni kumwagilia shamba la jirani, kwani angeolewa na kuondoka. Serikali ya kikoloni, kwa upande wake, ilihitaji makarani, na makarani walikuwa wanaume.

Mama Kevin, ambaye mwenyewe aliokolewa na ualimu alipobaki peke yake duniani, alijua thamani ya mwanamke kuwa na ujuzi wake mwenyewe. Lengo la shule ya Namagunga lilikuwa kumfikisha msichana kwenye elimu ileile aliyoipata kaka yake, sayansi ikiwemo, pamoja na malezi ya imani na nidhamu ya kazi. Ilifunguliwa katikati ya Vita Kuu ya Pili, fedha zikiwa adimu na safari za baharini zikiwa za hatari. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1945, Chuo cha Makerere kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa kike. Mlango wa Namagunga ulifunguka kwa wakati wake.

Safari tatu za mwisho

Mwaka 1952 Roma iliridhia masista waliofanya kazi Afrika wajitenge na Mill Hill na kuwa shirika linalojitegemea, Masista Wafransisko Wamisionari wa Afrika, naye akawa mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1955, akiwa na miaka 80, aliachia uongozi. Badala ya kupumzika, alikwenda Marekani, nchi aliyoiomba ujanani, kukusanya michango kwa ajili ya Afrika. Alifariki huko, Brighton, Boston, tarehe 17 Oktoba 1957.

Mwili wake ulisafirishwa hadi Ireland na kuzikwa Mount Oliver, Dundalk, kwenye nyumba ya shirika lake. Habari hiyo haikuwaridhisha Wakatoliki wa Uganda. Kwao, mama huyo alikuwa wa kwao, na mzazi huzikwa nyumbani kwa watoto wake. Waliomba arudishwe, na ombi likakubaliwa. Kaburi lilifunguliwa, mwili ukasafirishwa kwa ndege, na tarehe 3 Desemba 1957, miaka 55 kamili tangu aondoke London mara ya kwanza, akazikwa Nkokonjeru.

Mwaka 2016 Kanisa Katoliki la Uganda lilianzisha rasmi mchakato wa kumtangaza mtakatifu, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kwa wananchi wengi, hata wasio Wakatoliki, jina Mama Kevina limekuwa neno la kawaida lenye maana ya hospitali au nyumba ya huruma.

Shule aliyoiacha inakabiliwa na swali ambalo shule nyingi za bweni za kanda yetu zinakutana nalo: wanaotaka kuingia ni wengi kuliko nafasi, na ada ni mzigo kwa mzazi wa kijijini. Mwanzilishi wake alikuwa yatima asiye na kitu. Namna Namagunga na shule nyingine kama hiyo zitakavyoendelea kumpokea msichana wa hali hiyo ndicho kipimo ambacho maisha ya Mama Kevin yenyewe yameviachia vizazi vya sasa.