Hokusai, Mchora Picha wa Japani

Katika mji wa Edo, ambao leo huitwa Tokyo, alizaliwa mwaka 1760 mtoto aliyepata kuwa mchora picha mashuhuri wa nchi ya Japani. Alitumia majina mengi maishani mwake, lakini jina lijulikanalo zaidi ni Hokusai. Tangu umri wa miaka sita alipenda kuchora kila kitu alichokiona.

Siku zile picha nyingi za Japani zilipigwa chapa kwa mbao. Mchora picha alichora juu ya karatasi nyembamba; kisha fundi akaigandisha karatasi ile juu ya ubao, akauchonga ubao kwa kuifuata mistari; na fundi mwingine akapaka rangi ubaoni na kupiga chapa karatasi nyingi. Kila rangi ilitaka ubao wake. Hokusai alipopata miaka 14 hivi aliwekwa kwa fundi mchongaji ajifunze kazi hiyo. Alipopata miaka 18 akaiacha patasi, akaingia kwa mwalimu Katsukawa Shunsho, aliyekuwa hodari wa kuchora waigizaji wa michezo.

Mwalimu wake alipokufa, Hokusai akatoka katika kundi la wanafunzi wake. Akajifunza namna za waalimu wengine, akatazama hata picha za Kizungu zilizoletwa Japani na merikebu za Waholanzi, apate kujua jinsi ya kuonyesha vitu vya karibu na vya mbali. Kila alipoanza njia mpya ya kuchora aliweza kujipa jina jipya, hata majina yake yakapita 30. Tena alihama nyumba zaidi ya mara 90.

Yapata mwaka 1803, naye amekwisha kupita miaka 40, alichora wimbi kubwa likiinuka juu ya mashua. Picha hiyo ingaliko, lakini wimbi lake ni zito kama mwamba, wala halina mwendo wa maji. Hata hivyo Hokusai hakuliacha wimbi lile, bali alilirudia tena baadaye. Na katika miaka iliyofuata alichora ndege, samaki, wavuvi, maseremala, watu wanene na wembamba, na mvua na upepo. Michoro hiyo ilianza kutolewa katika vitabu mwaka 1814, na mwisho vikawa vitabu 15.

Kisha zikaja siku za dhiki. Alipokaribia miaka 70 alipatwa na ugonjwa wa kupooza. Mwaka 1828 mkewe akafa. Tena mjukuu wake alikuwa mcheza kamari, na babu akalazimika kulipa madeni yake, hata akawa maskini kabisa. Mtu mwingine angaliweka burashi chini na kusema kazi imekwisha. Hokusai aliishika tena. Yapata mwaka 1830 akaanza kuchora picha za mlima Fuji, ulio mrefu kuliko yote ya Japani. Alikusudia picha 36, lakini watu walizipenda sana, akaongeza 10. Moja katika hizo ni ile ya wimbi kubwa: mashua tatu zimo katika hatari, povu limejikunja kama makucha, na mlima Fuji waonekana mdogo mbali nyuma. Wimbi lililomshinda kwa muda wa miaka karibu 30, sasa lilikuwa hai.

Sifa zile hazikumfanya ajione amefika. Mwaka 1834, katika kitabu chake kingine cha mlima Fuji, aliandika ya kuwa vyote alivyochora kabla ya miaka 70 havikuwa na thamani kubwa, na ya kuwa alipopata miaka 73 ndipo alipoanza kufahamu kidogo maumbile ya wanyama na mimea. Alitumaini kwamba akifikia miaka 110 kila nukta na kila mstari wake utakuwa na uhai.

Mwaka 1839 nyumba yake iliungua moto, na michoro mingi aliyoikusanya kwa miaka mingi ikateketea. Lakini kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi. Mzee akaanza upya. Katika miaka ya 1842 na 1843 alijiwekea desturi ya kuchora simba kila siku asubuhi, kama kinga ya mabaya. Simba mmoja hucheza, mwingine hukimbia, mwingine hulala. Na karatasi zaidi ya 200 za simba hao zimehifadhiwa hata leo.

Binti yake Oi, ambaye naye alikuwa mchora picha hodari, alikaa naye na kumsaidia. Husimuliwa kwamba siku moja mwanafunzi alimlalamikia Oi kwamba mkono wake haumtii, naye amekata tamaa. Oi akamweleza ya kuwa baba yake, ambaye amechora tangu utoto hata amepita miaka 80, juzi tu alikunja mikono akalia, kwa kuwa hawezi kuchora hata paka mmoja sawasawa. Hokusai aliyasikia maneno hayo, akamwambia mwanafunzi kwamba ndivyo ilivyo: wakati mtu anapoona hawezi, hata ataka kuacha, ndio wakati anapoendelea mbele.

Hokusai alifariki mwaka 1849, naye alikuwa na miaka 88. Karibu na kufa alitamani apewe miaka kumi tu, au hata mitano, apate kuwa mchora picha wa kweli. Baadaye picha zake zilifika Ulaya, na wachora picha wakubwa kama Claude Monet na Vincent van Gogh wakazipenda na kujifunza kwazo. Watu walimwita bwana wa kazi yake. Lakini yeye mwenyewe alikufa akiwa bado mwanafunzi, na kwa sababu hiyo kazi ya uzee wake ilishinda kazi ya ujana wake.