Mzee Ojwang': Mkikuyu Aliyeazima Ulimi wa Mjaluo

Miongoni mwa watu walioifunza Kenya kujisikiliza, ni wachache waliopata darasa kubwa kama la marehemu Benson Wanjau. Hakuwa mwalimu wala mtangazaji. Alikuwa mwigizaji, na jina lake la kuzaliwa lilijulikana na watu haba mno. Taifa zima lilimfahamu kwa jina la Mzee Ojwang'. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, alikokuwa akitibiwa nimonia, akiwa na umri wa miaka 78. Wanafunzi walio katika shule zetu za sekondari leo walikuwa watoto wadogo siku hiyo, na yamkini wengi wao wanamjua kwa masimulizi ya wazazi tu. Ndiyo maana nimeona inafaa maisha yake yasimuliwe tena, hasa kwa sababu lile alilolifanya kwa lugha halijapewa uzito unaostahili.

Kabla yake walikuwapo wachekeshaji waliotamba, akina Mzee Pembe na Kipanga, ambao waliandaa njia. Wanjau aliingia ulingoni wakati runinga ilipoanza kuenea nje ya miji mikubwa. Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC, ndiyo iliyokuwa na kituo cha pekee cha televisheni nchini hadi KTN ilipoanzishwa mwaka 1990. Mwigizaji aliyeonekana huko, basi, alionekana na kila aliyekuwa na runinga, na hata na majirani wasiokuwa nayo, waliojazana sebuleni kwa mwenye betri ya gari. Wanjau alishiriki katika michezo kadhaa, ikiwemo Vioja Mahakamani, lakini uliomjengea jina ni Vitimbi, ambamo alikuwa mume wa Mama Kayai, nafasi iliyoigizwa na Mary Khavere.

Ikumbukwe kwamba vipindi hivi vilikuwa tamthilia za jukwaani zilizonaswa na kamera. Mandhari yalikuwa machache, safari za nje zilikuwa adimu, na mambo yote yalitegemea majibizano. Mwigizaji hakuwa na magari ya kukimbizana wala mwangwi wa muziki wa kumsetiri. Alikuwa na uso, mwili na ulimi. Kwa Wanjau, ulimi ndio uliotangulia.

Hapa naomba radhi ya msomaji nizungumze kidogo kama mwanaisimu. Kikuyu, lugha ya mama ya Wanjau, ni lugha ya Kibantu. Ina ngeli za majina kama Kiswahili, na mtoto wa Kikuyu huingia darasa la kwanza akiwa tayari na mazoea ya kulioanisha jina na kivumishi chake. Kijaluo ni lugha ya Kiniloti, jamaa ya mbali ya Kipsigis, na mfumo huo wa ngeli haimo ndani yake. Mjaluo ajifunzaye Kiswahili hana budi kuzikariri ngeli kama mtu akaririvyo majedwali ya hesabu, na akighafilika husema kiti yangu, kitabu yake. Wanjau alirithi upatanisho wa kisarufi bure kutoka kwa mamaye, kisha kila alipopanda jukwaani akawa analazimika kuutupa kwa makusudi.

Sauti nazo zilikuwa na mtego wake. Kijaluo hakina sh wala z, na zote mbili huelekea kuwa s: shule ikawa sule, na zamani ikawa samani, hata msikilizaji asijue kama anasimuliwa habari za kale au za meza na viti. Kikuyu, kwa upande wake, hakitenganishi l na r, na kosa la Mkikuyu asiyejihadhari ni kusema rara badala ya lala. Mjaluo hana taabu hiyo. Kwa hiyo Wanjau alipaswa kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: kulizuia kosa la kwao lisimponyoke, na kulitenda kosa la wenzake kwa uaminifu. Nimewahi kuwataka wanafunzi wangu wa fonolojia wajaribu kufanya hivyo kwa dakika tano, wakiwa wanazungumza na si kusoma. Wengi hushindwa katika dakika ya pili. Yeye aliifanya kazi hiyo kwa miongo mitatu na zaidi, kwa ustadi uliowafanya watazamaji wengi waamini kwamba alizaliwa ufuoni mwa Ziwa Viktoria.

Wapo walimu waliolalamika kwamba michezo ya namna hii inawaharibia watoto Kiswahili. Malalamiko hayo nayaelewa, lakini siyakubali. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, na kizazi kilekile kilichokuwa kikifundishwa upatanisho mchana ndicho kilichomtazama Mzee Ojwang' usiku. Kosa la ngeli halimchekeshi mtu asiyejua lililo sahihi. Mtoto aliyeangua kicheko aliposikia kitabu yangu alikuwa amekwisha kujisahihishia karatasi yake mwenyewe pasipo kalamu nyekundu.

Kwetu huku nchi ya majani chai, jambo hili lina maana ya ziada. Tangu makampuni makubwa yalipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, wachumaji walitoka pande nyingi: Wajaluo, Wakisii, Waluhya, wakaishi mistari kwa mistari ya nyumba za kampuni karibu na Wakipsigis wenyeji. Hadi leo, mtu akisimama sokoni Chepseon, kando ya barabara kuu ya Kericho na Nakuru, atasikia Kiswahili cha kila lafudhi. Atamsikia Mkipsigis anayechanganya b na p, g na k, kwa kuwa lugha yake haizitofautishi. Atamsikia Mkikuyu na r yake. Atamsikia Mjaluo na s yake. Kila mmoja humcheka mwenzake, naye huchekwa. Vitimbi ulikuwa soko hilo lililohamishiwa kwenye kioo.

Lakini lafudhi si kichekesho siku zote. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, tunasimuliwa jinsi Wagileadi walivyovishika vivuko vya Yordani na kumtaka kila apitaye atamke neno Shibolethi. Mwefraimu, ambaye hakuweza kuitamka sh, alisema Sibolethi, akauawa. Waliokufa walikuwa elfu arobaini na mbili. Sauti iliyowaua ndiyo ileile iliyotuchekesha kwa Mzee Ojwang'. Tusidhani kisa hicho ni cha mbali. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Londiani na Kipkelion zikiwa miongoni mwa mahali palipoumia, jina la mtu na namna anavyotamka vilitosha kumfukuzisha penye makao yake. Mkikuyu na Mjaluo walitenganishwa na siasa hata kabla ya hapo, tangu mwaka 1966 Kenyatta na Oginga Odinga walipofarakana. Katika nchi ya namna hiyo, Mkikuyu alijiita Ojwang', na watu wa makabila yote wakampenda kwa jina hilo.

Nisieleweke kwamba kila mwenye kuiga lafudhi anafanya wema. Wamekuja baada yake wachekeshaji wanaorukia lafudhi hii leo na ile kesho, na kinachobaki ni dhihaka tupu: kabila linatajwa, watu wanacheka, basi. Wanjau alikaa ndani ya lafudhi moja mpaka ikapata mwenyewe, mzee mwenye ujanja wake, hasira zake, mke wa kumtuliza na madeni ya kumsumbua. Tulimcheka Ojwang' kama tunavyomcheka mjomba. Tofauti hii ni kubwa, na walimu wanaoandaa michezo ya tamasha za drama wangefanya vyema kuitafakari kabla ya kumpa mwanafunzi nafasi ya bawabu mwenye lafudhi.

Kuhusu malipo ya kazi hiyo, habari si za kufurahisha. Uzeeni macho yalimfifia na afya ikadhoofu, na habari zake zilipotangazwa ikabidi wananchi wachangie matibabu ya mtu aliyewachekesha maisha yao yote. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazitambua haki za waigizaji, lakini ilikuja wakati sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa imekwisha kurekodiwa.

Alipofariki, magazeti na vituo vya redio vilimtangaza kwa majina yote mawili. Palikuwa na watazamaji, Wajaluo kwa Wakikuyu, waliokuwa wamemfuata tangu utotoni, nao wakatambua siku hiyo ndipo kwamba msiba uliodhaniwa kuwa wa akina Ojwang' ulikuwa nyumbani kwa akina Wanjau.