Bill Mauldin

Bill Mauldin (jina kamili: William Henry Mauldin, 29 Oktoba 1921 – 22 Januari 2003) alikuwa mchoraji wa katuni kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa katuni za Willie na Joe, askari wawili wa miguu aliowachora wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Alipata Tuzo ya Pulitzer mara mbili, mwaka 1945 na mwaka 1959.

Katuni zake zilionyesha vita kama askari wa kawaida alivyoviona: matope, mvua, viatu vilivyochakaa, maofisa wanaojipendelea na gari dogo la Jeep lililochoka kama dereva wake. Kwa sababu hiyo askari walimpenda, na baadhi ya majenerali walimchukia.

Maisha ya awali

Mauldin alizaliwa Mountain Park, katika jimbo la New Mexico. Babu yake aliwahi kuwa mpelelezi wa kiraia aliyefanya kazi na askari wapanda farasi wakati wa vita dhidi ya Waapache. Familia haikuwa na mali. Bill alipokuwa mtoto aliugua matege, hivyo hakuweza kushindana na wenzake kwa nguvu za mwili. Muda mwingi aliutumia kuchora.

Baadaye alihamia Phoenix, Arizona, akasoma shule ya sekondari huko lakini akaondoka kabla ya kupata cheti. Mwaka 1939 alikwenda Chicago kusomea uchoraji katika Chicago Academy of Fine Arts. Mmoja wa walimu wake alikuwa Vaughn Shoemaker, mchoraji wa katuni za kisiasa. Aliporudi Arizona alijaribu kuishi kwa kuuza michoro, lakini kipato kilikuwa kidogo.

Kujiunga na jeshi

Mwezi Septemba 1940 Mauldin alijiunga na Jeshi la Akiba la Arizona akiwa na umri wa miaka 18. Siku chache baadaye kikosi chake kiliingizwa katika jeshi la taifa. Akawa askari wa Divisheni ya 45 ya Askari wa Miguu, iliyokusanya vijana kutoka Oklahoma, Colorado, New Mexico na Arizona, wakiwemo Waindio wengi.

Divisheni hiyo ilikuwa na gazeti lake, na Mauldin alianza kulichorea katuni huku akiendelea na kazi za askari wa miguu. Hapo ndipo walipozaliwa Willie na Joe. Mwanzoni Joe alikuwa Mwindio wa kabila la Choctaw na Willie alikuwa mzungu mwenzake. Kadiri miaka ilivyopita sura zao zilibadilishana, mpaka wote wawili wakawa wanaume wenye ndevu, macho mazito na nguo zilizokunjamana, bila umri unaoweza kukisiwa.

Italia

Julai 1943 Divisheni ya 45 ilitua Sisilia, na Septemba mwaka huohuo ikatua Salerno katika Italia bara. Mauldin alikuwa pamoja nayo. Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa ya mapigano milimani, na mizigo ilipandishwa kwa nyumbu pale ambapo magari hayakuweza kupita. Mauldin alijeruhiwa begani na kipande cha bomu la mzinga mdogo alipowatembelea askari wa mstari wa mbele karibu na Monte Cassino, akapewa medali ya Purple Heart.

Mwanzoni mwa mwaka 1944 alihamishiwa rasmi gazeti la Stars and Stripes, lililosomwa na wanajeshi wa Marekani katika eneo lote la Mediterania. Alipewa gari la Jeep la kutumia mwenyewe. Kwa cheo chake cha chini hilo lilikuwa jambo la nadra, lakini ndilo lililofanya kazi yake iwezekane. Alikwenda mstari wa mbele, akakaa na askari, akatazama walivyovaa, walivyolala na walivyolalamika, kisha akarudi nyuma kuchora. Kwa kawaida alitoa katuni sita kwa wiki.

Alichora kwa brashi na wino mweusi mzito. Mistari yake minene ilionekana vizuri hata kwenye karatasi duni za magazeti ya wakati wa vita. Mwandishi wa habari Ernie Pyle, aliyesomwa sana Marekani, aliandika makala kumhusu. Baada ya hapo kampuni ya United Feature Syndicate ilianza kusambaza katuni zake kwa magazeti ya nyumbani.

Jeep katika katuni zake

Jeep ilikuwa gari dogo la kijeshi lenye uwezo wa kubeba robo tani na kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Gari la kwanza la majaribio lilitengenezwa mwaka 1940 na kampuni ya Bantam ya Butler, Pennsylvania. Wakati wa vita magari mengi zaidi yalitengenezwa na Willys na Ford, na jumla yake ilifikia takriban 640,000. Lilibeba maofisa, majeruhi, redio, barua na risasi, likapita mahali ambapo magari mengine yalikwama.

Asili ya jina lake inabishaniwa. Maelezo mojawapo yanahusu katuni pia: mwaka 1936 mchoraji E. C. Segar alimwingiza mnyama wa ajabu aitwaye Eugene the Jeep katika hadithi za Popeye. Mnyama huyo aliweza kwenda popote, na inadhaniwa kwamba askari walilipa gari hilo jina lake.

Katuni ya Mauldin iliyo maarufu kuliko zote kuhusu gari hilo haina neno hata moja. Inaonyesha sajini mzee wa kikosi cha wapanda farasi akiwa amesimama mbele ya Jeep iliyoharibika gurudumu la mbele. Kwa mkono mmoja amefunika macho yake. Kwa mwingine ameelekeza bastola kwenye boneti. Askari wa zamani walielewa mara moja. Farasi aliyevunjika mguu hupigwa risasi ili asiendelee kuteseka, na mpanda farasi mwenyewe ndiye hutakiwa kufanya hivyo. Jeshi la Marekani lilikuwa limetoka tu kuwaacha farasi na kuchukua magari, lakini moyo wa sajini ulikuwa bado haujahama. Katuni hiyo inachekesha, na wakati huohuo inaonyesha jinsi askari walivyokipenda chombo kilichowabeba.

Katika katuni nyingine Willie na Joe wamesimamisha Jeep yao mbele ya bango kubwa kwenye mpaka wa eneo la Jeshi la Tatu la Jenerali George Patton. Bango limeorodhesha faini kwa kila kosa la mavazi: kukosa kofia ya chuma, kukosa tai, kutonyoa ndevu, kutong'arisha viatu. Wanaamua kumwarifu mkubwa wao kwa redio kwamba watachelewa, kwa kuwa itawabidi wazunguke maili elfu moja kulikwepa eneo hilo.

Mgogoro na Jenerali Patton

Patton aliamini kwamba usafi na nidhamu ndivyo vinavyowaweka askari hai. Kwake, Willie na Joe walikuwa wazembe wanaofundisha uasi. Alilalamika kwa makao makuu ya majeshi ya muungano na kutishia kuzuia Stars and Stripes lisisambazwe katika Jeshi la Tatu.

Jambo hilo halikuwa dogo. Mauldin alikuwa sajini wa miaka 23, na Patton alikuwa mmoja wa majenerali maarufu kuliko wote. Amri moja ingetosha kumrudisha mchoraji handakini au kulifunga mdomo gazeti. Hata hivyo, Jenerali Dwight Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi ya muungano Ulaya, hakutaka gazeti la askari liingiliwe.

Harry Butcher, msaidizi wa Eisenhower, alipanga wawili hao wakutane. Mwezi Machi 1945 Mauldin alikwenda Luxembourg na kuingia katika ofisi ya Patton. Jenerali alimpa somo refu kuhusu nidhamu na historia ya majeshi, kisha akampa nafasi fupi ya kujibu. Mauldin alieleza kwamba askari wana manung'uniko ya kweli, na kwamba wakiyaona yamechorwa gazetini hujua kwamba hawako peke yao. Waliachana bila kukubaliana. Jarida la Time lilipoandika kwamba hakuna aliyembadilisha mwenzake, Patton alikasirika na kusema kwamba Mauldin akionekana tena katika eneo lake atafungwa jela. Katuni ziliendelea kuchapishwa kama kawaida.

Umaarufu

Mwaka 1945 Mauldin alipewa Tuzo ya Pulitzer. Katuni iliyochaguliwa inaonyesha askari wa Marekani wakiwapeleka nyuma mateka wa Kijerumani katika mvua. Wote, mateka na walinzi, wamechoka kiasi kwamba ni vigumu kuwatofautisha. Maneno yaliyo chini yake yanaiga taarifa za magazeti zilizowasifu askari wenye nguvu na ari, kinyume kabisa cha kinachoonekana kwenye mchoro.

Mwezi Juni mwaka huo sura ya Willie ilitokea kwenye jalada la Time. Kitabu chake Up Front, kilichounganisha katuni na maelezo yake mwenyewe, kilinunuliwa sana. Mauldin alikuwa amefikiria kuwaua Willie na Joe siku ya mwisho ya vita, kama walivyokufa askari wengi wa aina yao, lakini wahariri walimshawishi asifanye hivyo.

Baada ya vita

Kurudi nyumbani hakukuwa rahisi. Mauldin alichora kuhusu maveterani wasio na nyumba, ubaguzi wa rangi, kundi la Ku Klux Klan na jinsi Wamarekani wenye asili ya Kijapani walivyotendewa. Wasomaji wengi walitaka vichekesho vya vita tu, na magazeti mengi yaliacha kumchapisha. Polisi wa shirikisho, FBI, walifungua faili juu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 aliacha katuni za kila siku.

Alijaribu kazi nyingine. Aliigiza katika filamu ya The Red Badge of Courage (1951) iliyoongozwa na John Huston, na mwaka 1952 alikwenda Korea kama mwandishi wa vita. Mwaka 1956 aligombea kiti cha Baraza la Wawakilishi huko New York kwa tiketi ya chama cha Democratic, akashindwa.

Mwaka 1958 alirudi kwenye uchoraji katika gazeti la St. Louis Post-Dispatch. Mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Pulitzer ya pili kwa katuni iliyomhusu mwandishi Boris Pasternak, ambaye serikali ya Kisovyeti ilimlazimisha kuikataa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1962 alihamia Chicago Sun-Times. Rais John F. Kennedy alipouawa tarehe 22 Novemba 1963, Mauldin alichora sanamu ya Abraham Lincoln ikiwa imeinamisha kichwa mikononi kwa huzuni. Mchoro huo ulijulikana duniani kote.

Mwaka 1965 alikuwa Pleiku, Vietnam, akimtembelea mwanawe Bruce aliyekuwa mwanajeshi, wakati kambi iliposhambuliwa. Mwanzoni aliunga mkono vita hivyo, baadaye akavipinga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliumia mkono wa kuchorea, akastaafu. Alioa mara tatu na kupata watoto wanane.

Kifo

Katika miaka yake ya mwisho Mauldin aliugua ugonjwa wa Alzheimer na kuishi katika nyumba ya kuwatunzia wazee huko California. Habari za hali yake zilipoenea mwaka 2002, maveterani wa Vita Kuu ya Pili walianza kumwandikia, na barua zilifika kwa maelfu. Wengine walikuja wenyewe kuketi karibu na kitanda chake, ingawa mara nyingi hakuweza kuzungumza.

Alifariki Newport Beach tarehe 22 Januari 2003 akiwa na umri wa miaka 81. Alizikwa katika Makaburi ya Kitaifa ya Arlington, pamoja na askari aliowachora.

Urithi

Charles Schulz, mchoraji wa Peanuts ambaye naye alipigana Ulaya, alikuwa na desturi ya kumkumbuka Mauldin katika Siku ya Maveterani. Katika katuni hizo mbwa Snoopy huvaa sare za jeshi na kwenda nyumbani kwa Mauldin kunywa soda. Mwaka 2010 Posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha ya Mauldin pamoja na Willie na Joe.

Maktaba na Makumbusho ya Kijeshi ya Pritzker ina hazina kubwa ya michoro yake. Mwaka 2008 katuni zake za wakati wa vita zilikusanywa na Todd DePastino na kutolewa na kampuni ya Fantagraphics.

Kazi zake zinatafutwa pia na watu binafsi wanaokusanya katuni za zamani, wakiwemo wapenzi wa magari ya kijeshi. Up Front ilichapishwa kwa wingi, kwa hiyo nakala za mwaka 1945 bado si adimu. Vijitabu vilivyochapwa Italia wakati wa vita, kama vile Sicily Sketch Book (1943) na Mud, Mules and Mountains (1944), ni vigumu zaidi kupatikana vikiwa katika hali nzuri. Vilitengenezwa kwa karatasi nyepesi, vikasomwa na askari handakini na kupitishwa mkono kwa mkono hadi vikachanika.