Karani wa Telegrafu na Kitabu Kilichomzidi Kimo

Kijana wa Kigamboni aliyemaliza kidato cha sita na kukosa nafasi chuoni, akiazimia kujisomea fizikia mwenyewe, hukabiliwa na swali gumu: aanze na kitabu gani cha hisabati? Swali hilo ni la haki, na laweza kumpotezea mtu miaka. Yafaa basi tumtazame Oliver Heaviside, ambaye naye hakuwa na mwalimu.

Heaviside alizaliwa London mwaka 1850, katika nyumba isiyo na mali. Ugonjwa wa utotoni ulimpunguzia uwezo wa kusikia. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16, kisha akawa karani wa telegrafu, kwanza Denmark, halafu Newcastle, akihudumia waya uliolazwa chini ya bahari. Waya wa jinsi ile ile uliofika Unguja mwaka 1879. Kazini aliona jinsi ishara zinavyofifia na kuvurugika katika safari ndefu, akataka kujua sababu.

Mwaka 1873 alikutana na kitabu kipya cha James Clerk Maxwell juu ya umeme na sumaku, juzuu mbili nzito. Mwalimu yeyote mwenye busara angemwambia akirudishe rafuni, kwa maana hisabati yake ilikuwa aljebra na trigonometria ya shule, nayo kwa sehemu kubwa alikwisha kuisahau. Hakukirudisha, wala hakujidanganya kwamba amekielewa. Mwaka 1874 aliacha kazi (jambo tusilomshauri mwenye watoto) akarejea kwa wazazi wake, na kwa miaka kadhaa akajifunza hisabati iliyohitajika ili akifahamu. Alipokifahamu, alikiweka kando akashika njia yake.

Maxwell alikuwa ameieleza nadharia yake mwaka 1865 kwa milinganyo 20. Kufikia mwaka 1885 Heaviside alikuwa ameikusanya katika milinganyo minne, kwa lugha ya vekta ambayo yeye, na Gibbs wa Marekani kwa upande wake, waliitengeneza. Mwaka 1887 alionyesha namna ya kuzuia sauti isivurugike katika waya wa simu. William Preece, mtaalamu wa umeme wa Posta ya Uingereza, alimpinga, na faida ikaja kuvunwa na Wamarekani.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Alipata njia za mkato za kukokotoa ambazo hakuzithibitisha kwa utaratibu wa wanahisabati, na mwaka 1894 chama cha wanasayansi cha Royal Society, kilichompokea uanachama mwaka 1891, kilikataa kuchapisha sehemu ya kazi hiyo. Anayejisomea anahitaji mtu wa kumsahihisha, hata kama ni mwenzake mmoja tu.

Siku hizi ngazi zipo. Kitabu cha Mary Boas, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1966, kiliandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa sayansi mwenye msingi wa kalkulasi, nacho chamtosha kijana wetu. Hata hivyo, kando yake aweke kitabu kimoja cha fizikia kinachomshinda, ili ajue hesabu hizo anazifanyia nini.

Heaviside alifariki Torquay mwezi Februari 1925, akiwa mpweke, baada ya miaka mingi ya kuishi kwa posho ndogo ya serikali. Milinganyo ile minne ingali inafundishwa vyuoni, kwa jina la Maxwell.