Mhandisi Bacon na Umeme wa Haidrojeni

Tangu mwaka 2014 kampuni ya Toyota imekuwa ikiuza gari liendalo kwa haidrojeni, ambalo halitoi moshi ila maji. Bei yake ingali kubwa, na sababu mojawapo ni platini, madini ya thamani yaliyomo katika mtambo wake. Leo tunamkumbuka mtu aliyepambana na gharama hiyo zamani.

Francis Thomas Bacon alizaliwa Uingereza tarehe 21 Desemba 1904. Alisomea uhandisi Cambridge, kisha mwaka 1925 akaajiriwa na kiwanda cha mitambo mjini Newcastle. Mwaka 1932 alianza kuichunguza kazi ya William Grove, mwanasheria wa Wales, ambaye karibu karne moja nyuma alikuwa ameonyesha kwamba haidrojeni na oksijeni zikikutanishwa penye platini na asidi huzaa umeme na maji, pasipo moto. Umeme huo ulikuwa haba, nayo gharama kubwa.

Bacon alitambua kwamba asidi ndiyo iliyolazimisha platini, kwa kuwa huzila metali za kawaida. Akaiacha, akatumia maji ya potasi pamoja na nikeli, metali rahisi. Nikeli ni nzito kuamka. Hivyo ilimpasa kuipasha joto la nyuzi 200 hivi na kuzigandamiza gesi kwa nguvu nyingi. Waajiri wake walipogundua majaribio hayo ya hatari, walimtaka ayaache au aondoke. Akaondoka.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia utafiti wa kusaka nyambizi. Mwaka 1946 alirejea Cambridge, akakabiliana na adui mwingine: oksijeni iliila nikeli. Dawa yake ikapatikana katika lithiamu. Hatimaye, Agosti 1959, baada ya miaka 27 ya jitihada, mtambo wake ulitoa kilowati 5 na zaidi, ukaendesha msumeno, mashine ya kuchomelea vyuma na gari la kunyanyulia mizigo.

Wamarekani wakauchukua ufundi huo, wakaukuza. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 walikwenda mwezini wakitumia umeme wake na kunywa maji yake.

Hata hivyo, barabara ilikuwa ngumu kuliko mwezi. Chombo cha angani hubeba oksijeni safi. Gari huvuta hewa ya kawaida, yenye kaboni dioksidi, nayo huiharibu potasi. Kwa hiyo magari ya haidrojeni ya siku hizi hutumia utando wenye tabia ya asidi, na platini imerudi pamoja na bei yake.

Bacon alifariki tarehe 24 Mei 1992. Alithibitisha kwamba metali rahisi yaweza kufanya kazi ya metali ya thamani. Kuifanya ikubali hewa tuivutayo sote ni wajibu aliowaachia wahandisi waliomfuata, na hadi leo haujatimizwa.