Isaac Newton, Mvulana Aliyeupima Upepo kwa Kuruka

Jina la Isaac Newton tunakutana nalo katika darasa la fizikia, na wengine wetu hulikumbuka zaidi kwa sababu ya mtihani. Lakini ni wachache wanaojua ya kuwa mtaalamu huyu nusura aondolewe shuleni kabisa akachunge kondoo. Habari zake zafaa kujulikana na wanafunzi, na wazazi pia.

Newton alizaliwa kijijini Woolsthorpe, Uingereza, tarehe 25 Desemba 1642 kwa kalenda iliyotumika huko siku zile. Baba yake alikuwa mkulima asiyejua kuandika hata jina lake, naye alifariki miezi mitatu kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto mwenyewe alikuwa mdogo na dhaifu mno, hata watu hawakutumaini kwamba ataishi. Alipokuwa na umri wa miaka 3 mama yake aliolewa na mume mwingine, na Isaac akaachwa alelewe na bibi yake.

Alipofika miaka 12 alipelekwa shule katika mji wa Grantham, akakaa nyumbani kwa mwuza dawa mmoja. Mwanzoni alikuwa karibu na mkia wa darasa. Siku moja mvulana aliyemzidi katika masomo alimpiga teke la tumbo. Newton alipigana naye akamshinda. Kisha akaona kuwa ushindi wa ngumi hautoshi. Alisoma kwa bidii mpaka akampita darasani pia, na mwishowe akawa wa kwanza katika shule nzima.

Wenzake walipocheza, yeye alikuwa akigonga misumari. Fedha alizopewa na mama yake alinunulia nyundo na misumeno midogo. Aliunda kinu kidogo cha upepo, akamtia panya ndani akizungushe. Akaunda saa ya maji na saa za jua. Tena alirusha usiku vishada vilivyofungwa kandili za karatasi, majirani wakaingiwa na hofu wakidhani wameona nyota yenye mkia.

Mwezi wa Septemba 1658, siku zile alipofariki Oliver Cromwell, mtawala wa Uingereza, tufani kubwa ilivuma. Newton alikuwa na miaka 15. Imesimuliwa kwamba alitoka nje akaruka kuufuata upepo, kisha akaruka kuukabili, akatia alama mahali alipotua kila mara. Halafu akalinganisha na urefu wa mruko wake siku ya shwari. Wenzake walipostaajabu, aliwaeleza kuwa upepo ule ulizidi kwa futi moja nguvu za pepo alizozijua kwanza, akawaonyesha alama zake. Hakuwa na chombo cho chote ila miguu yake. Kipimo hicho hakikuweza kutaja maili kwa saa, lakini kiliweza kulinganisha tufani moja na nyingine, na huo ndio mwanzo wa kupima. Kipima upepo chenye vikombe vinne vinavyozunguka kilibuniwa mwaka 1846 na Thomas Romney Robinson wa Ireland, karibu miaka 190 baadaye.

Basi mwaka 1659 mama yake, ambaye alikuwa mjane tena, alimtoa shuleni aje asimamie shamba. Kijana hakufaa kitu. Alipotumwa sokoni, alimwacha mtumishi auze, yeye akaketi kusoma vitabu. Kondoo na nguruwe wake wakaharibu mali za watu, na baraza la kijiji likamtoza faini.

Mjomba wake pamoja na mwalimu mkuu wa Grantham, Bwana Stokes, walimsihi mama amrudishe. Bwana Stokes alikubali hata kumsamehe ada ya shilingi 40 kwa mwaka. Mama akaridhika. Mwaka 1661 Newton aliingia Trinity College katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Alikuwa mwanafunzi maskini anayewatumikia wenziwe ili apate kusoma. Mwaka 1669 alifanywa profesa wa hesabu. Mwaka 1687 alitoa kitabu chake kikubwa kilichoeleza sheria za mwendo na nguvu ya uvutano. Alifariki Machi 1727, akazikwa Westminster Abbey, London, kwa heshima kuu.

Ndugu wanafunzi, asiwepo wa kusema kwamba hawezi kufanya majaribio kwa kukosa vyombo vya maabara. Uwanja wetu una upepo, na kila mmoja anayo miguu na kamba ya kupimia. Nanyi wazazi, kumbukeni ya kuwa mama yule hakuwa mtu mbaya. Alihitaji mkono wa kazi shambani, kama wengi wanavyohitaji. Lakini alikubali kusikiliza shauri la mwalimu, na dunia nzima ikafaidika.