Millardet na mrututu: Kinga iliyookoa mizabibu

MKULIMA wa kahawa wa Kilimanjaro au wa nyanya wa Morogoro hahitaji kuelezwa dawa za kopa. Lakini ni wachache wanaofahamu kwamba asili ya dawa hizo ni kazi ya profesa mmoja wa Ufaransa, Pierre Millardet, aliyefariki dunia mwaka 1902.

Millardet alizaliwa mwaka 1838 katika kijiji cha Montmirey-la-Ville, mashariki mwa Ufaransa. Alisomea udaktari, kisha akageukia elimu ya mimea. Huko Ujerumani alifundishwa na Anton de Bary, mtaalamu aliyethibitisha mwaka 1861 kwamba ugonjwa uliokuwa ukiozesha viazi vya Ulaya ulisababishwa na ukungu, wala haukutokana na hali mbaya ya hewa peke yake. Mwaka 1876 Millardet alihamia Chuo Kikuu cha Bordeaux, katikati ya eneo la mashamba ya zabibu.

Wakati huo wakulima wa zabibu walikuwa taabani. Mdudu mdogo kutoka Marekani alikuwa akifyonza mizizi na kukausha mashamba. Millardet alikuwa miongoni mwa waliotafuta nafuu kwa kupandikiza mizabibu ya Kifaransa juu ya mashina ya Kimarekani yanayomhimili mdudu huyo. Kabla shida hiyo haijaisha, mwaka 1878 uligunduliwa ukungu mpya uliopukutisha majani na kuharibu matunda.

Oktoba 1882, akipita katika kijiji cha Saint-Julien, Millardet aliona jambo la ajabu. Mizabibu iliyokuwa kando ya njia ilikuwa na majani mabichi, huku ile ya ndani ya shamba ikiwa imebaki vijiti. Alipouliza aliambiwa kwamba mistari ya kando hunyunyiziwa mrututu uliochanganywa na chokaa ili wapita njia waogope kuiba zabibu. Dawa ya kumtisha mwizi ilikuwa imeuzuia ukungu.

Millardet hakutangaza dawa siku ile. Akishirikiana na mkemia Ulysse Gayon, alifanya majaribio na kugundua kwamba kiasi kidogo sana cha shaba kinatosha kuua mbegu za ukungu. Hata maji ya kisima chake, yaliyovutwa kwa pampu ya shaba, yalizizuia zisiote. Mwaka 1885 alichapisha kipimo: kilo 8 za mrututu katika lita 100 za maji, na kilo 15 za chokaa katika lita 30. Majaribio ya baadaye yalionyesha kuwa kilo 1 tu ya mrututu kwa lita 100 inaweza kutosha, na gharama ikapungua sana.

Somo kubwa la Millardet ni wakati wa kupiga dawa. Shaba hukaa juu ya jani ikisubiri umande au mvua, na huua mbegu ya ukungu kabla haijapenya. Ukungu ukishaingia ndani ya jani, shaba haiwezi kuufuata. Anayenunua dawa ya kopa baada ya shamba zima kugeuka rangi ametupa fedha.

Hata hivyo, dawa hiyo haifai kila mahali. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilijaribiwa kwenye nyasi za viwanja vya gofu vya Marekani. Iliporudiwa mara kwa mara, shaba ilirundikana ardhini na kuunguza nyasi. Watunza viwanja walijifunza kuanza na kinga nyingine: kufuta umande asubuhi, kuruhusu hewa ipite na kutozidisha mbolea ya chumvichumvi.

Jambo hilo linamhusu moja kwa moja mkulima wa Michenga na bonde zima la Kilombero, kwani mpunga nao ni jamii ya nyasi. Ukungu wa mpunga, wenye mabaka ya kijivu yaliyochongoka pande mbili, ukifika shingo ya suke huacha mapepe. Ndugu yake wa karibu alishambulia viwanja vya gofu vya Pennsylvania mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kwa mpunga, kinga nafuu haimo kwenye bomba la dawa. Ni kutumia mbegu safi, kuchagua aina inayostahimili kwa ushauri wa kituo cha utafiti cha TARI Ifakara, kutobananisha miche, kugawa urea kwa awamu badala ya kuimwaga yote mara moja, na kuondoa mabaki ya mazao yenye ugonjwa. Dawa za kopa zibaki kwa mazao yanayozihitaji, kama nyanya dhidi ya bakajani, na zipigwe mapema kwa kipimo cha kwenye lebo.

Mrututu ulikuwapo madukani miaka mingi kabla ya Millardet. Alichoongeza yeye ni kutazama shamba kwa makini, kuuliza wakulima, na kupima kabla ya kushauri. Gharama ya kukagua majaruba kila wiki ni miguu ya mkulima mwenyewe, na gharama ya kuchelewa huonekana siku ya kupeta mpunga.